Nilipekua simu ya mke wangu miaka mitatu na sikukuta kitu. Tuongee kuhusu wivu

FundiVioo

Wakuu, habari za usiku. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, ofisi yangu ipo Tabata. Mke wangu ni nesi, na kwenye kazi yake zamu za usiku hazikwepeki. Tuko mwaka wa sita wa ndoa, tuna mtoto mmoja wa kiume. Kati ya miaka hiyo sita, mitatu niliimalizia kwenye simu yake.

Ilianza na meseji ya maneno mawili: "Umefika salama?" Namba haikuwa na jina. Nikauliza, akasema ni mfanyakazi mwenzake, walipanda gari moja la wafanyakazi usiku ule. Nikaelewa. Nilielewa kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaichukua ile namba, nikaingia kwenye pesa za simu kama mtu anayetaka kutuma shilingi 1,000, jina likatokea, nikaghairi. Lilikuwa jina la mwanaume. Kuanzia hapo kila namba mpya niliyoiona niliipitisha njia hiyohiyo: naandika 1,000, nasoma jina, naghairi. Majina nikawa nayaweka kwenye daftari langu la vipimo, katikati ya dirisha la futi tano kwa nne la mteja wa Kinyerezi na lile la futi mbili kwa mbili la choo. Yalifika 11.

Mwanzoni mwenyewe alikuwa anafurahi. Aliwaambia shoga zake "mume wangu ana wivu huyo!" na wote wakacheka kwa namna ya kunisifia. Si mnajua huku kwetu, mtu asiye na wivu anaambiwa hapendi.

Baadaye nikaunganisha WhatsApp yake na simu yangu ya zamani akiwa anaoga. Sasa sikilizeni hesabu za mtu aliyeshikwa. Akiwa hewani saa tisa usiku, anachati na nani? Asipokuwa hewani saa tisa usiku, yuko na nani mpaka simu kaiweka pembeni? Akichelewa kunijibu, ana mtu. Akinijibu upesi na kwa upole, kuna kitu anakifunika. Hakukuwa na jibu hata moja ambalo lingeniruhusu kulala.

Kuna kipindi nilikuwa nachukua bajaji usiku hadi nje ya hospitali anakofanya kazi. Nakaa kwa mama muuza chai, naangalia geti. Mlinzi akanizoea, akadhani nina mgonjwa ndani. Kila nikifika ananiuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Namjibu anaendelea vizuri, namshukuru, nakunywa chai.

Na sikukuta kitu. Hapa naomba mnielewe: kutokukuta kitu hakukunipa amani. Kulinipa dakika kumi, halafu nawaza, kumbe huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Siku iliyonitoa huko ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Karudi zamu, kavua viatu, simu kaichomeka kwenye chaji. Nikamuuliza kuhusu jina la 11. Akanyamaza, alikuwa amechoka. Nikaichomoa ile simu nikaiinua juu ili aone skrini. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono mbele ya uso.

Sijawahi kumpiga. Baba yangu hakuwahi kumpiga mama. Lakini aliyekuwa amesimama mbele yangu hakuwa na uhakika kwamba sitampiga. Hakusema neno. Akaenda kufua sare yake, na mimi nikabaki nimeshika simu kama mwizi aliyekutwa.

Wiki ile nikaenda Kilosa kwa shangazi. Sikumweleza yote, nilimwambia tu kwamba nina wivu ambao siuwezi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila hata kuniangalia, "Si mama yako alikuwa anakutuma kwenye lori."

Wakuu, nilikuwa nimesahau. Baba alikuwa dereva wa malori, Dar, Tunduma, mpaka Lubumbashi. Akirudi analala mchana, na mama ananipa hela ya kashata nipande kwenye kichwa cha lori nimletee karatasi zote nitakazokuta chini ya kiti. Risiti za gesti, vipande vya namba za simu. Nilikuwa na miaka tisa na niliifanya kazi ile vizuri sana. Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Msibani akaja mama mmoja kutoka Tunduma na watoto watatu, mkubwa wao tumefanana mpaka masikio. Watu walipiga kelele. Mama yangu hakupiga. Alijua miaka yote, ushahidi ulikuwa sandukuni kwake, na aliyeukusanya ni mimi.

Nilirudi Dar nikamweleza mke wangu kila kitu, na daftari nikampa. Alisoma yale majina 11 mbele yangu. "Huyu ni fundi wa jokofu la chanjo. Huyu ni mfamasia. Huyu amekufa mwaka jana, nilienda kumzika, nauli ulinipa wewe." Alicheka pale. Halafu usiku akakasirika, akamchukua mtoto akaenda kwao. Alikaa wiki tano, na sikuwa na neno la kumwambia. Alirudi kwa masharti yake. Daftari analo yeye mpaka leo.

Tulijaribu mambo. Kwanza tulikubaliana awe ananitumia "nimefika" kila akiingia zamu. Ilionekana busara, lakini siku mtandao ukisumbua nilikuwa hali mbaya kuliko zamani, tukaliacha. Kilichonisaidia kidogo ni kumwambia wazi, "Leo limenishika." Sitaji mtu wala siulizi swali. Yeye anasema "haya," na mimi natafuta kazi ya mikono. Mara nyingi baada ya saa moja linapungua. Mara nyingine halipungui.

Wenzangu mnaoishi na hili dude, mnafanyaje?

Kiroboto

Nimesoma yote mkuu. Swali moja: shemeji alikuwa anachepuka au hachepuki? Na yule mgonjwa wa mlinzi ni wewe.

Mzee Kijana

Mwanaume asiye na wivu ni boga. Mke analindwa. Mleta mada umelainishwa, endelea kuomba msamaha tu.

FundiVioo

Mzee Kijana, nililinda miaka mitatu, kwa bajaji na kwa chai ya shilingi 500. Dirisha la mteja wa Kinyerezi nilikosea vipimo mara mbili kwa kukosa usingizi, vioo nikalipa mimi.

MamaWawili

Kaka fundi, umeandika vizuri na nimelia pale kwenye lori. Ila naomba nikupinge kidogo, kwa sababu najua kuna dada atasoma uzi huu na kuamua kwamba mwenye tatizo ni yeye.

Mimi niliambiwa nina ugonjwa wa wivu kwa miaka miwili. Mume wangu aliwaambia mpaka wazazi wangu. Nikauliza kwa nini simu inalala chini ya mto, "una wivu." Nikauliza safari ya Dodoma ya Ijumaa imetoka wapi, "kaombewe." Nilifika mahali nikaenda kweli kuombewa. Nikaanza kujiona chizi.

Kilichomfichua ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba yetu ina mita moja. Siku hiyo umeme umekata yuko bafuni, nikachukua simu yake kutafuta tokeni aliyonunua jioni. Nikakuta za mita mbili. Ya kwetu, na nyingine, kila mwezi, miezi 19. Nilizihesabu nikiwa gizani, na tochi ya simu yake.

Sasa tofauti yangu na wewe ni hii. Siku ile nililala. Usiku uleule, kama mtoto. Wivu uliisha siku ileile, kilichobaki kilikuwa hasira na hesabu za ada. Wewe ungekuta tokeni moja tu, ya mita moja, bado ungesema ya pili kaifuta. Wivu wangu ulikuwa unatafuta jibu na ulipolipata ukakaa chini. Wa kwako ulikuwa unakula majibu.

Kwa hiyo msituambie wanawake wote tujitibu. Wengine tunahitaji tu mtu aseme ukweli.

FundiVioo

Dada, umenishinda na nakubali. Hata mama yangu alikuwa sahihi, baba alikuwa na mji mwingine kweli. Ninachojiuliza mpaka leo ni kwa nini, alipojua, aliendelea kunituma.

MamaWawili

Kwa sababu kuondoka kulikuwa kugumu kuliko kupekua. Mimi nina mshahara. Mama yako alikuwa na nini?

Tabibu wa Zamu

Mimi ni afisa tabibu, nimekaa miaka kadhaa kitengo cha afya ya akili. Niongeze kitu ambacho humu huwa hakisemwi.

Kuna wivu ambao umeshavuka mpaka na kuwa ugonjwa kamili. Mwaka 1955 madaktari John Todd na Kenneth Dewhurst waliupa jina la Othello, yule jemadari wa Shakespeare aliyemuua mkewe kwa ushahidi wa leso. Mgonjwa wa namna hii hashuku, anajua. Anakagua shuka, ananusa nguo za ndani, anapima muda wa kwenda sokoni, anamhoji mkewe usiku kucha mpaka akiri. Na akikiri ili apate kulala, ndiyo hatari zaidi. Hali hii inaonekana sana kwa watu waliokunywa pombe kwa wingi kwa miaka mingi. Inaweza pia kuja na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na nimesoma kuhusu wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wanaoipata kutokana na baadhi ya dawa zao. Mzee wa miaka 70 aliyeishi vizuri na mkewe, ghafla anamtuhumu na kijana wa maji: msimcheke, mpelekeni hospitali.

Fundi, nikikusoma sioni kwamba ulifika huko, kwa sababu uliweza kujitilia shaka mwenyewe. Ulichokuwa nacho ni mzunguko tunaouona hata kwa mtu anayerudi mara kumi kuangalia kama amefunga mlango. Hofu inakuja, unakagua, unapata nafuu ya dakika chache, na ubongo unajifunza kwamba nafuu inapatikana kwa kukagua. Kesho unadai tena, kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana ule mpango wa "nimefika" haukufanya kazi. Ulikuwa ukaguzi uleule, safari hii mkaguliwa ndiye anayefanya kazi ya mkaguzi.

Hilo la kukaa nalo saa moja bila kuuliza swali ndilo dawa yenyewe, japo wengi hawaliamini kwa kuwa linauma. Mwanzoni litauma zaidi. Na punguza bia kama unatumia, hasa siku za zamu yake ya usiku.

Kwa wale ambao mwenza wao ameshafika kwenye kunusa shuka: usijaribu kuthibitisha kwamba huna hatia. Hakuna ushahidi utakaotosha. Mwombe ndugu anayemsikiliza ampeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Muhimbili, au Mirembe kwa walio Dodoma, na wewe uwe na pa kulala kwingine kama hali ikibadilika.

Bibi wa Ngamiani

Mwanangu fundi, marahaba kabla hujaniamkia. Ninaandikiwa na mjukuu wangu, herufi zikikosewa ni zake.

Nyie vijana kila kitu mnaita wivu. Sie tulikuwa na majina. Kijicho ni kuona cha mwenzio ukatamani kingekuwa chako. Husuda ni kutamani kimpotee, hata kama wewe hukipati. Ghere ni kuona mwenzio kafanyiwa jambo, wewe hukufanyiwa. Wivu wenyewe ni wa kile kilicho chako, unaogopa kitahama. Ukijua ni kipi kilichokushika, nusu ya ugomvi hutaufanya, maana wengi nimewaona wanapigana na waume zao kwa wivu kumbe walikuwa na ghere tu, wanataka nao wapelekwe harusini.

Nimekaa na mke mwenza miaka 22. Zamu zilikuwa sawa, siku mbili kwangu, mbili kwake, mume wetu Mungu amrehemu alikuwa mtu wa haki kwenye zamu. Watu wanadhani kinachouma ni kitanda. Kitanda unakizoea. Kilichoniuma mie ni chungu. Siku moja karudi kwangu, nimempikia papa wa nazi, akala akasema, "Wa kule hautii ukwaju." Alikuwa ananisifu! Nikaumwaga mchuzi wote kwa kuku. Akashangaa, nimekosa nini? Nilijua kwamba kule nako akikaa anasema, "wa kule anazidisha chumvi." Tunapimwa wawili kwa kijiko kimoja.

Kanga tulizivaa, tena nyingi. Mie "Hasidi hana sababu" niliivaa mwaka mzima mpaka ikachuja, na yeye alikuwa na zake. Tulikuwa hatusemezani, kanga ndizo zilizokuwa zinasemezana, mtaa mzima unasoma.

Ilikwisha nilipojifungua mtoto wangu wa nne, hali yangu mbaya. Yule mwenzangu akaja na kuku wawili na mkaa, akakaa siku saba ananikanda. Usiku mmoja tukaongea. Kumbe yeye miaka yote anaamini anayependwa ni mie, na mie naamini ni yeye, na mwanamume katikati amelala anakoroma. Tulicheka mpaka nyuzi zikauma. Sisemi wivu uliisha. Siku akinunuliwa kitu nilikuwa nakwenda kuangalia. Lakini nilikuwa nakwenda kwa mlango wa mbele, naambiwa karibu.

Na msione haya nayo. Hata bibi Aisha, mke wa Mtume, alishikwa na wivu akaivunja sahani ya chakula iliyoletwa kutoka kwa mke mwenzie, mbele ya wageni. Mtume hakumfokea. Aliokota vile vipande, akakusanya chakula, akawaambia wageni, mama yenu kaona wivu. Na sahani nzima ikapelekwa badala ya ile iliyovunjika. Masheikh wanaitaja kwa subira ya Mtume. Mie huitaja kwa ile sahani: wivu ulisamehewa, sahani ikalipwa.

FundiVioo

Shikamoo bibi. Mke wangu nimemsomea hii, anakuuliza kama bado unautia ukwaju.

Bibi wa Ngamiani

Naupunguza, tumbo. Mwambie aje.

Mtoto wa Fuoni

Asalaam aleikum. Mie nipo Ruwi, Muscat, naendesha gari ya kampuni, mke yuko Fuoni, Unguja. Mwaka wa nne huu. Mleta mada weye una bajaji ya kwendea getini, mie nina bahari.

Nilikuwa nikipiga simu ya video namwambia, zungusha kamera. Anazungusha: ukuta, kitanda, mtoto, pazia. Kila usiku. Huku kwetu ni saa moja mbele, nikipiga saa nne yangu ni saa tatu yake. Nikaona mlango uko wazi, kwa nini uko wazi? Joto. Basi hapo dakika 20.

Siku moja akasema, "Haya, na weye zungusha." Nikazungusha. Wanaume sita kwenye vitanda vya juu na chini, mmoja kavaa msuli anakaanga mayai, kamera ikampitia. Akapiga kelele akakata simu. Wallahi hiyo ndiyo siku ya mwisho kudai kamera, maana wale wenzangu walikasirika kuliko yeye.

Baadaye alinambia neno. Kwamba nikimpigia vile hasikii mapenzi, anasikia askari wa bandarini. Na kwamba kuna vitu hanisimulii tena, vitu vidogo, kaenda kwa dada yake, kacheka na jirani, kwa sababu kila kimoja kitataka maelezo. Nimemfanya awe na siri, wakati hakuwa nazo.

Kiroboto

Huyo wa mayai apewe pole.

Mwalimu wa Eldoret

Hamjambo nyote. Nasoma kutoka Kenya. Mimi neno linalonitatiza ni lile la magazeti: "wivu wa mapenzi." Mtu ameuawa, na kesho yake tunaambiwa chanzo ni wivu wa mapenzi, kana kwamba ni malaria.

Huku kwetu mnakumbuka Agnes Tirop. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee, kule Ujerumani. Oktoba alikutwa amedungwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mumewe akashtakiwa. Kisha Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, katoka tu Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafia hospitalini hapa Eldoret. Aliyetajwa na polisi ni mpenzi wake wa zamani, ambaye naye alikufa kwa majeraha ya moto huohuo. Watu walikuwa tayari kusema mapenzi, mapenzi. Lakini taarifa za polisi zilisema walisikika wakigombania shamba.

Nikiwafundisha vijana wangu nawaambia wasikilize lugha. "Nilimsomesha," "nilimjengea," "nilimtoa kwao." Hayo ni maneno ya mtu aliyenunua ng'ombe. Januari 27, 2024 wanawake walijaa barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji haya, na bado kuna walimu wenzangu waliouliza, "Lakini yeye alifanya nini?"

Fundi, ile hatua moja ambayo mkeo alirudi nyuma, wengi hawaioni. Nashukuru uliiona.

Karani

Naongeza la kisheria, kwa kifupi, kwa upande wa Tanzania. Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila idhini yake kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na cheti cha ndoa hakijaandikwa popote kwamba ni idhini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Kifungu cha 72 kinaruhusu kudai fidia kwa aliyezini na mwenza wako, kwa hiyo kama una hakika na una ushahidi halali, nenda mahakamani. Ule utetezi wa "nilighadhabika nikaua" unashusha kosa pale tu ghadhabu ilipokuja ghafla na haijapata muda wa kupoa. Mtu aliyekwenda kununua petroli alikuwa na muda wa kupoa. Vitisho ripoti Dawati la Jinsia na Watoto, lipo kwenye vituo vingi vya polisi.

Binti Mpole

Naombeni ushauri wadau, mimi nina miaka 22. Mpenzi wangu tuna miezi minne. Anataka neno la siri la simu yangu na niwashe lokesheni muda wote. Alinifanya nimzuie rafiki yangu wa kiume wa chuo. Sasa anasema hata yule shoga yangu tunayekaa naye ananiharibu. Nikikataa anasema atajiua. Huu ni wivu wa kawaida? Kuna wakati ananipenda sana.

MamaWawili

Mdogo wangu, hesabu watu uliokuwa unaongea nao miezi minne iliyopita na unaoongea nao leo. Usinijibu hapa, jijibu mwenyewe. Huyo shoga yako usimwache.

FundiVioo

Binti, mimi ndiye huyo jamaa, ila na miaka 34. Nakwambia kutoka ndani: ukimpa neno la siri hatatosheka. Atataka la barua pepe, halafu atauliza kwa nini umefuta meseji ya juzi. Mimi nilikuwa na kila kitu mkononi na nilikuwa na njaa kuliko siku ya kwanza.

Tabibu wa Zamu

Hilo la kujiua lichukulie kwa uzito, ila si lako kulibeba. Mpigie ndugu yake au mzazi wake leo, mwambie maneno aliyosema kama yalivyo. Wao ndio wampeleke hospitali. Kubaki naye kwa kumlinda asife kutawaumiza wote wawili. Na ukiamua kuachana naye, usimwambie mkiwa wawili chumbani, na mwenzako ajue uko wapi.

Binti Mpole

Asanteni. Nimempigia dada yake. Amesema siyo mara ya kwanza.

FundiVioo

Wakuu, narudi baada ya mwezi na siku kadhaa, wengi mmeniuliza PM.

Sijapona. Wiki iliyopita mke wangu alirudi na kanga mpya, nikauliza bei, na sauti yangu nikaisikia mwenyewe. Akaniangalia. Nikamwambia, "Limenishika." Akasema haya, akaingia ndani. Nilikata fremu za nyumba nzima usiku ule, jirani akaja kulalamika makelele.

Kesho yake akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kwamba na yeye ana wivu. Na wateja wangu, wale wamama wanaojenga Goba na Madale wanaonipigia saa mbili usiku kuuliza vioo. Miaka yote sita. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema nafasi ilikuwa wapi, humu ndani wivu ulikuwa wako wote.

Nimekaa na hilo siku tatu. Kumbe nilikuwa namchunguza mtu bila kumjua. Najua alikuwa hewani saa ngapi tarehe 14 Juni, sikujua anaogopa nini.

Nimempigia pia yule mkubwa wa Tunduma, tuliyefanana. Naye ni dereva, njia ileile ya baba. Hatukuongea mengi. Aliuliza kama mama yangu yuko hai, nikamwambia yupo, akasema wa kwake naye yupo na alikuwa na sanduku. Sikumuuliza lina nini.

Kiroboto

Mkuu pole na hongera. Ila swali langu la ukurasa wa kwanza hukulijibu. Alikuwa anachepuka au hachepuki?

FundiVioo

Sijui, Kiroboto. Nadhani hapana. Leo yuko zamu ya usiku, chupa ya chai nimemfungia mimi, simu ya zamani nimempa dogo wa ofisini.

Kiroboto

Sawa. Nje ya mada samahani, dirisha la futi tano kwa nne unafanya bei gani, na kioo cha rangi?

FundiVioo

Njoo PM. Kinyerezi sirudi, pengine popote nafika.